Saa Nane Kamili

Kidole gumba changu cha kulia kina sugu.
Miaka saba kilibonyeza saa ya Fundi Mwinjuma,
saa ya chuma, nzito kama yai la bata:
bonyeza taulo linaposhuka,
bonyeza tena pua ya gari inapokata chokaa.
Mita mia nne. Tulizipima kwa kamba ya kuanikia nguo,
kwa hiyo zilikuwa mia nne kasoro, kamba ikilowa.

Ilikuwa Kurasini, nyuma ya matangi ya mafuta,
kipande cha lami kilichonyooka kama kauli ya mama mkwe.
Harufu ya petroli tuliipata bure.
Petroli yenyewe ilikuwa ya kuponi.
Lita tano zilichangwa na mtaa:
kinyozi nusu, muuza kahawa robo,
na Nesi Matrida lita nzima, ya pikipiki ya marehemu mumewe,
ndiyo maana yeye ndiye aliyeshusha taulo,
na hakuna aliyethubutu kuliomba.

Rukni wa duka la misumari
aliingia kwenye Datsun ya rangi ya ndizi mbivu
kwa dirishani, maana mlango ulichomelewa.
Viti viling'olewa, kikabaki chake.
Kapeti, redio, hata kitasa cha boneti, vyote nje.
Mwinjuma alisema, "Nimebakiza injini na dua."

Siwezi kuwaeleza ule mngurumo.
Masikio hayajajua, mbavu zimeshajua.
Kisha matairi yanalia, moshi mweupe unapanda,
na mtu mzima na akili zake
anajikuta analiita gari kwa jina la mwanawe.

Siku ile upande wa pili alikuwa Kibacha wa Chang'ombe
na Peugeot yake iliyonenepa.
Taulo likashuka.

Sekunde kumi na tano na nukta mbili.
Niliisoma mara tatu.
Mwinjuma akaninyang'anya, akaisoma,
akakaa juu ya debe, akaomba sigara.
Mwinjuma havuti.

Tulishangilia mpaka tukasahau muda,
sisi, watu wa saa!
Jumapili ile, kama Jumapili zote za miaka ile ya shida,
ikigonga saa nane mchana
gari la mtu binafsi halitakiwi barabarani.
Na saa nane ikagonga.

Basi tukazima injini.
Watu kumi na wawili tukatia mabega.
Gari lililokuwa na kasi kuliko yote tuliyowahi kuyaona
likarudi Gerezani kwa mwendo wa bibi harusi.
Pale Bendera Tatu askari akainua mkono.
"Nani anaendesha?"
"Haliendeshwi, afande," akasema Matrida. "Linasindikizwa."
Askari akatazama huku na huku,
akacheka kwa pua,
akavua kofia, akashika bampa mpaka kwenye kona.

Leo pale kuna makontena, ukuta, na mlinzi asiyenijua.
Rukni alihama nchi bila kuaga;
duka la misumari linauza makava ya simu.
Mwinjuma tulimpeleka Kisutu mwaka ule wa mvua,
tukipokezana jeneza, bega kwa bega,
na katikati ya njia bega langu likakumbuka.
Nikacheka. Msibani.
Aliyekuwa mbele yangu naye mgongo ulimtikisika,
sikuuliza kwa nini.

Mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu gari la umeme:
sekunde kumi kwa umbali uleule, babu,
na wala halipigi kelele.
Nasema mashaallah.
Natia mkono kifuani, kwenye mbavu. Kimya.

Saa ninayo. Mjane wa Mwinjuma alinipa, imefungwa kwa kitambaa cha gereji.
Mshale umesimama kwenye kumi na tano, mbele kidogo.
Sijui ni sekunde za siku ile
au ndipo ilipochokea tu.
Wananiambia kuna kijana pale Uhuru anatengeneza.
Sijaenda.