Fungu la Sisimizi

Alfajiri hapa Wai, kabla mto Krishna haujapata rangi,
baba mkwe hufungua kurasa zake katika kitambaa chekundu,
anasoma kwa kidole, kwa pua, kwa kikohozi:
tonge kwa moto,
tonge kwa mtungi wa maji,
kwa kizingiti, kwa kinu na mchi wake,
tonge kwa kunguru, kwa mbwa asiye na mwenyewe,
na punje kwa sisimizi.

Yeye husoma. Mikono ni mimi.

Punje naiweka. Tangu mwezi wa kwanza wa ndoa
nazijua njia zao, toka ufa wa jiwe la kusagia
hadi kopo langu la sukari.
Asubuhi ni wageni wa heshima;
jioni nawafuata na mafuta ya taa.
"Kitabu kinasemaje kuhusu sukari, baba?"
"Sarubai!" Akacheka mpaka miwani ikadondoka.

Kinasema mengi. Bibi arusi akanyage jiwe,
awe imara kama jiwe.
Nililikanyaga: lilikuwa baridi,
nami nina miaka kumi na sita, nimebanwa mkojo.

Jana nikauliza tena: anayepika,
fungu lake liko ukurasa gani?
Akapekua, akapekua,
akanionyesha matobo na vumbi laini kama unga.
Mchwa walishapita hapo.

Leo, kabla ya moto, kabla ya kunguru,
nimeketi kizingitini nikala tonge langu.
Moto haukuzimika.
Sisimizi mmoja alipanda kidoleni, akakagua, akashuka.