Nguzo ya Zayini

Baba aliziandika nguzo kwa rangi ya buluu,
alefu, beti, gimeli, hadi ya nane,
ili kila mwaka akijenga kibanda juu ya paa
asigombane na mama ipi isimame wapi.
Waligombana hata hivyo.

Mwaka huu nazipandisha mimi, ghorofa tatu,
bega linanung'unika,
na Rosario yote inanuka maua ya michungwa
na moshi wa mabasi.

Oktoba. Vitabu vinasema ni sikukuu ya kukusanya,
ghala limejaa, shinikizo limelowa.
Huku kusini ngano ndiyo kwanza inafika magotini,
mizabibu ina majani tu, tena madogo, ya aibu.
Tunashukuru kwa mavuno ya majira ya wengine.
Kwa hiyo mama anafungua sanduku la viatu,
anatoa zabibu za plastiki zilizonunuliwa mwaka niliozaliwa,
anazipangusa moja moja kwa mate na kitambaa,
kama anayemfuta mtoto uso
wageni wakiwa mlangoni.

Nikahesabu. Zayini haipo.
Bila ya saba, upande wa magharibi
unacheza kama jino bovu.

"Baba yako angejua iliko."
"Angejua, mama."
Chini mtu alikuwa anakaanga vitunguu.
Tuliusikiliza ule mchirizo muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Alfajiri nilikwenda Paraná kukata mierebi
kwa kisu chake cha mkate, nikaifunga gazetini, kama yeye.
Mwerebi hauna harufu, alizoea kusema, wala tunda;
umekuja mikono mitupu, na bado
unafungwa fundo moja na kuti la mtende.
Halafu ananikonyeza:
Mimi ndiye huyo katika ukoo wa mama yako.

Saa kumi jioni, hodi.
Don Celestino Ojeda wa ghorofa ya kwanza,
amenyoa, amejikata kidevuni,
amekumbatia nguzo iliyovikwa mnjegere
kuanzia chini hadi juu, maganda yamevimba.

"Noaj aliniazima mwezi wa Aprili.
Alisema, mbalamwezi ya Oktoba isikute kwako.
Kisha ukaja msiba.
Sikujua ni adabu kugonga, au adabu kutogonga."

Mama hakumpa pole wala hakupokea.
Alishika bua, akalifuata kwa vidole hadi mwisho.
"Umeukata mzizi?"
Maana kinachonyonya bado ardhini hakiwezi kuwa paa letu.
"Nimeukata, señora. Asubuhi. Roho iliniuma."
"Basi panda."

Tukaisimamisha na majani yake.
Buluu ya zayini ilichungulia kati ya vikonyo,
na upande wa magharibi ukatulia.

Kwa desturi usiku wa kwanza ni wa Abrahamu;
mama humwekea kiti chenye mto.
Don Celestino, asiyejua, akakikalia.
Mpwa wangu Ilán akafungua mdomo.
"Mwache," mama akasema, akigawa supu.
"Abrahamu angekuwa wa kwanza kusimama ampishe."

Mwezi ulipita katikati ya matete, vipande vipande,
ukaanguka kwenye sahani.
Kisha manyunyu. Sheria inaruhusu kukimbia,
mvua ikiharibu supu mtu aingie ndani.
Mama alivaa mfuko wa nailoni kichwani
akaendelea kula.
Hakuna aliyeinuka kabla yake.

Alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka,
akachuma ganda, akalipasua kwa kucha:
njegere saba, mbichi, tamu kama maji ya bomba baada ya homa.
Mavuno. Ya mwezi huu huu, ya udongo huu huu,
kwenye mti aliouandika yeye.

Tulikula ukuta hadi mkono ulipokoma kufika.
Don Celestino alikusanya maganda matupu,
akatazama huku na huku,
hakujua takataka hutupwa wapi
katika nyumba takatifu isiyo na paa,
akayatia mfukoni mwa koti.