Inakohoa au Inakatika?

Ilizimika tena jana, palepale,
kwenye kona ya kupanda Buholo,
mikate mia mbili ndani, bado ya moto,
na nyuma ya mikate, honi za Bukavu nzima.

Nikavuta breki ya mkono. Nikashuka, nikaweka jiwe.
(Jiwe ninalo langu, linakaa chini ya kiti.
Gari za wenzangu zina redio.)
Dakika kumi. Nikageuza ufunguo
ikawaka, bila aibu,
kama mtu aliyesinzia msibani
akaamka akiuliza kama chakula kimeiva.

Nimebadilisha buji, zote nne.
Nimebadilisha chujio, nimebadilisha koili.
Fundi wa Nyawera aliapa kwa mama yake kuwa ni pampu;
nikalipa pampu.
Fundi wa Panzi alisema ni uzee,
akalipwa kwa kusema hivyo.
Shangazi Nsimire alisema ni baba: hajaridhia
binti ashike usukani wake.
Hakuna aliyeiuliza gari yenyewe.

Mugisho aliuliza.
Ana garaji isiyo na paa, vidole vinane,
na kiti kimoja anachompa mteja.
Hakufungua boneti. Alisema, nieleze.
Inazimika ingali baridi, au ikishapata moto?
Tangi likiwa limejaa, au likikaribia kukauka?
Taa za dashibodi zinabaki?
Na kabla haijafa, mama,
inakohoa au inakatika?

Nilikaa kimya.
Miezi saba, na sikuwahi kuisikiliza ikifa.
Nilikuwa nasikiliza honi.

Inakohoa, nikasema. Inavuta pumzi, inaikosa,
inavuta nyingine kwa mkopo, halafu basi.

"Basi si umeme. Umeme hauagi.
Hii ni kiu.
Kuna kitu kinakuja kukaa mlangoni mwa esansi.
Ukizimika, mvuto umekwisha, kinaachia, kinashuka zake chini.
Ukiwasha, nacho kinaanza safari upya."

Tulishusha tangi mchana, mvua ikitishia upande wa ziwa.
Akamimina polepole ndani ya beseni:
kutu, mchanga mwekundu,
mguu wa panzi, sijui uliingiaje,
kisha kipande cha kitenge, ukubwa wa kiganja,
kimechujuka, lakini njano ile naijua.

Mwaka ule mfuniko wa tangi ulipoibwa
baba alikata pembe ya kitenge cha mama, akaziba.
Kwa wiki moja tu, alimwambia.
Mama akanuna wiki moja.
Wiki ya baba ikakaa miaka sita.
Mama akaenda, baba akamfuata,
mimi nikarithi Karina, nikanunua mfuniko mpya,
na nilipokuta mdomo wa tangi uko wazi
sikujiuliza kilichouziba kilikwenda wapi.

Mugisho alikiokota. Akakikamua.
Akakifutia mikono
kabla sijafungua kinywa.
Sikufungua.
Kilikuwa kitambaa, naye alikuwa na grisi.

Shangazi sijui nitamwambia nini.
Kwamba alikosea, labda, lakini kidogo.

Leo alfajiri nimepanda Buholo na mikate.
Karina imeipita kona kama mtu asiyekumbuka deni.
Mguu wangu ulikuwa umeshakanyaga klachi,
mkono umeshaishika breki,
hakuna aliyewaambia.
Na chini ya kiti jiwe likagonga, mara moja,
kama abiria anayeuliza:
hapa, si ndipo ninaposhukia?