Safu ya Tatu

Fomu ilikuwa na safu mbili tu:
MZIMA. MGONJWA.
Nami, penseli sikioni,
kopo la rangi nyekundu kiunoni,
nilipewa miti mia mbili na kumi na sita
ya msitu wa Pugu, upande wa Kajiungeni,
niigawe kabla Ijumaa haijaisha.

Masika yalikuwa yamekatika juzi.
Kila kisiki kilikuwa kimeota kitu:
masikio ya kahawia, laini, yanayotikisika ukiyagusa,
vijiti vyeusi kama mabaki ya udi chetezoni,
kuvu ya manjano iliyomwagika kwenye gogo
kama uji uliosahauliwa jikoni.
Nikaandika mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa.

Mwinshehe Kisoma akaichungulia fomu.
"Huyu," akasema, akibonyeza uyoga kwenye tawi kavu,
"amekuja matangani. Hakuua.
Ukimkuta mtu anakula pilau msibani
utamwita polisi?"

Nilikuwa nimeshaupiga alama msandarusi namba thelathini na moja
kwa mabaka yake ya kijivu.
"Hayo ni mavazi," akasema, "si maradhi."
Akanipa tambara na mafuta ya taa.
Nilisugua hadi treni ya umeme ikapita bondeni, ikarudi.
Alama ilififia, haikutoka.
Mpaka leo mti ule mzima
una kovu la kosa langu.

Halafu akageuza panga, akashika bapa kwa tambara,
akaanza kugonga mashina kwa mpini.
Ngo. Ngo.
"Umesikia? Hodi, na mwenyewe yupo."
Ngo. Ngo.

Namba themanini na nane ulikuwa mbambakofi.
Juu, majani mabichi, yamekolea,
ndege wanagombana, kivuli cha kutosha shule nzima.
Chini, katikati ya mizizi miwili,
rafu tatu, ngumu kama kwato,
na kwenye kila moja ukingo mweupe, mbichi,
unaoendelea.
Upande wa magharibi: ngo.
Upande wa mashariki: bu.
Akagonga tena, taratibu, kama anayeomba radhi.
Bu.

Nilimkumbuka mama, Ukonga, wiki ya Idi:
kitenge kipya, hina miguuni,
anawacheka wajukuu,
na juu ya kabati picha ya kifua chake
ndani ya bahasha isiyofunguliwa.

Ndipo akaja jamaa wa mkaa.
Alizima pikipiki mbali kidogo, akatembea kwa adabu.
"Huo mkubwa ni mgonjwa, eti?
Na hiyo mitatu pembeni yake.
Si kuvu huambukiza?"
Noti alizikunja ndogo sana,
kama mtu anayetaka zisionekane hata na yeye mwenyewe.
Mwinshehe aliinama kufunga kamba za viatu.
Alikuwa amevaa ndala.

Rula sikuwa nayo.
Nililaza panga juu ya karatasi,
nikachora mstari kwa mgongo wake,
na juu ya safu mpya nikaandika HUENDA.
*88. Rafu tatu shinani, ukingo mweupe.
Mashariki una uwazi. Magharibi umejaa.
Urudiwe baada ya vuli. Usikatwe kabla.*
Ile mitatu pembeni:
mzima,
mzima,
mzima.
Pikipiki iliondoka bila kuaga.

Ofisini waliniambia kompyuta haina HUENDA.
Nichague.
Nikasema nitachagua mwezi wa kumi na mbili,
wakaniandikia barua ya onyo, nzuri, yenye muhuri.

Mama alifungua bahasha mwezi wa nane.
Sikuuliza safu gani.
Alikuwa amekaa mkekani, anachambua mchele.
Nikapiga magoti nyuma yake,
nikaweka sikio mgongoni, kushoto, kisha kulia,
naye hakuniuliza ninafanya nini.
Aliacha kuchambua, ili nisikie vizuri.