Watatu kwa Mmoja

Chake wataka watatu, watupe wao mmoja,
Mrefu kuliko watu, mpira kwake kioja,
Bali goti lake kutu, hulia kama daraja.
Kalamu ya klabu yetu: saini, ama kungoja?

Kwanza wamtaka Pandu, kinda letu Kikwajuni,
Alianza na utundu, kirusha chungwa tengani;
Ussi, na jezi nyekundu, na Vuai wa pembeni.
Gogo huisha kwa bandu, kesho tabaki na nani?

Kabati letu la kombe, mwaka wa tisa ni tupu,
Tajiri hatupi chembe, asipoona vikapu,
Na huyu, hata ayumbe, hufunga chapu kwa chapu.
Nikikataa, ni wembe, watanipaka upupu.

Nimewaomba na picha, ya goti, hawaileti.
Kwani wana la kuficha, au ni mimi, siketi?
Asubuhi kunakucha, naye kakata tiketi,
Chai yangu nimeacha, yapoa juu ya cheti.

Uani Pandu adunda, gizani, wake mpira,
Nasikia ukipanda, kisha kimya, si papara.
Nafuta jina la kinda: wawili, ndiyo ijara.
Wakikataa, nashinda? Wakikubali, hasara?