Kanzu ya Bwana Kasubi

Nilirudi Isevya na kidonge cha uzi mweupe
nikakuta mlango wangu una kufuli mbili:
yangu, yenye kutu shingoni,
na yako, mpya, kibandiko cha bei hakijabanduka.

Kalunde ameketi kizingitini na sare ya shule.
"Kasema miezi miwili."
Madaftari ndani. Sufuria ya maharage ndani.
Cherehani ndani, mguu mmoja umeegemezwa kigae.

Sheni mchomelea vyuma akaja na msumeno:
"Nyamizi, dakika tatu tu."
Nikamwambia rudisha. Nikikata mimi
nitaitwa mvunjaji, na mvunjaji
tunamjua anakolala.

Deni silikani.
Lakini Machi uliongeza elfu ishirini kwa mdomo,
nikakuomba karatasi, ukacheka
mpaka ukakohoa.

Balozi alinishauri nikakuombe radhi.
Radhi ya nini? Ya kuwa na mlango?

Karani wa baraza, miwani imefungwa kwa uzi,
aliandika polepole kama anayepiga bomba la kisima:
*amefungiwa nje bila amri.*
Hilo "amri" akalipigia mstari.
"Kudai kodi ni haki yake," akasema,
"kumtoa mtu si kazi ya kufuli."

Tulilala barazani kwa mama Tausi.
Saa tisa usiku treni ya Kigoma ikapiga honi,
Kalunde akauliza, nusu usingizini:
"Wale nao wana mwenye nyumba?"
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu risiti
kwa vidole, gizani, moja moja,
nisije nikasahau hata moja.

Alhamisi alasiri ukaja mwenyewe,
sauti umeiacha nyumbani.
"Fundi... ile kanzu. Nikahi ni kesho."

Ipo, Bwana Kasubi.
Mikono imekaa, pindo limekaa,
imebaki kola tu.
Iko juu ya cherehani, sindano imo,
nyuma ya kufuli yako.

Ukatazama mlango kama mgeni.
Jirani mmoja akacheka, wengine wakageuka.
Ukapapasa mfukoni; funguo zikalia.
Mara ya kwanza tukawa wawili tulio nje.

Fungua.
Ila kwanza pokea hii, ina muhuri:
Jumatatu, saa tatu asubuhi, barazani.
Njoo na hesabu yako, nami nitakuja na yangu.

Kola nitaimaliza usiku huu,
fundi hamwachi bwana harusi na baba mtupu shingo.
Wito, huo, sitaufumua.