Barafu ya Obunga

Kiwandani Obunga, saa kumi na moja alfajiri,
kabla wachuuzi wa mbuta hawajafika na magunia,
Mmarekani huja kunitazama nikikata barafu.

Jino la mbele hana. "Lilibaki Duluth," husema,
"msimu wangu wa tatu."
Misimu kumi na minne aliteleza na gongo
juu ya maji yaliyoganda,
akilinda lango kwa mbavu zake.
Mabao sita, maisha mazima.
Sita! Nilidhani ananitania.

Goti la kushoto lina chuma;
akipanda ngazi hulia kama bawaba kavu.

Jana nilimsukumia bonge sakafuni, jipya, halina ufa.
Akavua kiatu, akaweka wayo juu yake,
akafumba macho.
Sikuhesabu dakika. Mashine ilikuwa ikinguruma.

Kisha Akeyo nyar Seme akaita kutoka getini:
"Obiero, barafu yangu iko wapi?
Samaki hawajui kungoja!"

Akaondoa mguu.
Pale ulipokuwa, kishimo,
vidole vitano na kisigino.

Nikamfungia Akeyo bonge lilelile kwenye gunia,
nikampunguzia shilingi kumi.
Hakuuliza kwa nini.